Ulilelewa na Shosho Makindu? Stori ya Mary Ainsworth Inakuhusu

Msee wangu, tuanze na wewe kwanza. Kama ulikulia Makindu, hapo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hii picha unaijua. Mathe anaamka saa kumi alfajiri, anafunga begi, anasimama steji karibu na lile hekalu la Masingasinga, anangoja basi. Anaenda Nai kutafuta kazi ya nyumba, ama anashuka Mombasa kuuza mitumba. Wewe uko na miaka miwili. Ukiamka unapata ni susu ako jikoni anakoroga uji. Mathe utamwona Disemba.

Sasa umekuwa mkubwa. Uko na keja yako, uko na mtu wako, na kila ukifungua simu kuna msee anakuambia hujui kupenda kwa sababu mamako alikuacha ukiwa mtoi. Unajibu maswali kumi, halafu unapewa jibu: wewe ni mtu wa kukwepa, ama wewe ni mtu wa kung'ang'ania. Mpenzi wako anasoma hilo jibu na kuanza kukuangalia na jicho lingine.

Kabla hujaamini hayo maneno, ni poa ujue yalitoka wapi. Hayakuanzia kwa simu. Mizizi yake mingi iko hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa vijiji vya karibu na Kampala, mwaka wa 1954. Na aliyeyaanzisha ni mama mmoja ambaye yeye mwenyewe hakuwa karibu sana na mamake. Jina lake ni Mary Ainsworth.

Msichana aliyelazwa na babake

Mary Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa kifungua mimba kati ya wasichana watatu. Akiwa bado mdogo, mwaka wa 1918, familia ilihamia Toronto, Kanada, kwa sababu ya kazi ya fathe kwa kampuni ya alumini.

Nyumbani hawakukosa chakula wala vitabu. Lakini joto la Mary lilikuwa kwa babake. Fathe ndiye alikuwa anamlaza usiku na kumwimbia. Na mathe, mambo yalikuwa baridi. Weka hiyo kwa akili, tutarudi hapo.

Akiwa na miaka 15 alishika kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia ya mtu na vile anaishi. Hicho kitabu kilimshtua. Kumbe mtu anaweza kujiangalia ndani na kuuliza mbona niko hivi, badala ya kulaumu vitu vya nje tu. Hapo aliamua atakuwa mwanasaikolojia. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto, na hakubanduka mpaka akapata udaktari wake mwaka wa 1939.

Kule chuoni alifunzwa na William Blatz, ambaye alikuwa na wazo moja rahisi. Mtoi akijua yuko salama kwa wazazi wake, anapata nguvu ya kwenda kujaribu vitu vipya. Akikosa huo usalama, hata kutoka nje kucheza ni vita. Mary alichukua wazo hilo akaandikia tasnifu yake. Alitunga maswali ya kujaza kwa karatasi, ili apime mtu mzima anajisikia salama kiasi gani. Ukiangalia vizuri, ni binamu wa yale maswali kumi ya simu yako.

Meja, halafu madoa ya wino

Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto, Mary hakukaa darasani. Mwaka wa 1942 aliingia Jeshi la Wanawake la Kanada. Kazi yake haikuwa bunduki. Alikuwa anasaidia kuchagua watu: nani anafaa kazi gani, nani atavumilia, nani atavunjika. Vita vikiisha alikuwa tayari ni meja.

Aliporudi chuoni alipewa kufundisha somo la kupima nafsi na tabia za watu. Shida ni kwamba hakuwa amebobea kwa vipimo vyenyewe, kwa hivyo akaenda kusomea kile kilichokuwa kikivuma sana wakati huo: madoa ya wino ya Hermann Rorschach, daktari wa Uswisi aliyeyatoa mwaka wa 1921. Ni kadi 10. Kila moja ina doa lisilo na maana, na wewe unaulizwa unaona nini. Wa kwanza anaona popo, wa pili anaona watu wawili wanacheza ngoma, wa tatu anaona damu. Mpimaji anaandika, halafu anasoma nafsi yako humo. Mary aliiva mpaka mwaka wa 1954 jina lake likawa kwa kitabu kikubwa cha kipimo hicho, pamoja na bingwa wake Bruno Klopfer.

Usidhani hayo madoa yalibaki Ulaya. Miaka ya mwanzo ya 1960, mtafiti Mmarekani anayeitwa Robert Edgerton alizunguka kwa Wakamba, Wahehe, Wapokot na Wasebei akiwaonyesha watu madoa ya wino na picha, akitaka kujua kama mkulima na mfugaji wana tabia tofauti. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1971. Kwa hivyo inawezekana kuna mzee fulani ukambani huku aliwahi kuonyeshwa wino na mzungu, akabaki akishangaa huyu jamaa anataka nini hasa.

Tangazo la gazeti lililobadilisha kila kitu

Mwaka wa 1950 Mary aliolewa na Leonard Ainsworth, mwanafunzi aliyekuwa akienda kusomea London. Aliacha kazi yake nzuri Toronto, akamfuata. London hakuwa na kibarua. Rafiki yake akaona tangazo la kazi gazetini: kuna daktari anatafuta mtafiti wa kuchunguza vile tabia ya mtoto inakua akitenganishwa na mamake.

Huyo daktari alikuwa John Bowlby. Wakati huo alikuwa anaandaa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka wa 1951, kuhusu watoi waliopoteza malezi ya mama. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, watoto wengi walikuwa wametenganishwa na wazazi. Na kwa hospitali, mzazi wa mtoi mgonjwa aliruhusiwa kumwona mara chache sana. Mwenzao James Robertson alikuwa anakaa wodini akiandika kila kitu ambacho mtoto anafanya: vile analia, vile ananyamaza, vile anakata tamaa, na vile mama akirudi mtoto anageuza uso kama hamjui.

Mary aliona hizo karatasi za Robertson akapenda. Hakukuwa na maswali ya kujaza, hakukuwa na doa la wino. Ni mtu ameketi, anaangalia, anaandika. Akajiambia siku moja na yeye atafanya utafiti wa aina hiyo. Na ukifikiria, angefanya nini kingine? Mtoi wa miezi minane hajui kujaza fomu.

Kampala, 1954

Leonard akapata kazi tena, safari hii kwa taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Mary akafunga virago akamfuata mara ya pili. Walifika Uganda mwaka wa 1954, wakati joto la siasa liko juu. Waingereza walikuwa wamemfukuza Kabaka Mutesa II mwishoni mwa 1953, na Baganda walikuwa na hasira. Huku Kenya hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Hebu fikiria mzungu anabisha mlango kijijini wakati kama huo akisema nataka kuangalia mtoto wako.

Lakini alikaribishwa. Alipata familia 26 zenye watoto 28, kwa vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alijifunza Luganda kidogo, na alitembea na mkalimani wake Katie Kibuka. Kila wiki mbili walirudi kwa nyumba ile ile, wanaketi kama saa mbili, kwa miezi kadhaa. Wanaongea na mama, wanaangalia mtoi.

Alikuja na mawazo yake kichwani. La kwanza, aliambiwa kuna desturi ya Baganda ya kumwachisha mtoto ziwa na kumpeleka kwa nyanyake, akataka kuona hiyo siku inamfanyia mtoto nini. Alipofika akapata wengi hawaifanyi hivyo tena. Plani yake ikaanguka pale pale.

La pili lilikuwa zito zaidi. Wasomi wengi wa wakati huo waliamini mtoi anampenda mama kwa sababu mama ni chakula. Yaani mapenzi yanaanzia kwa tumbo. Bowlby alikuwa ameanza kusema hapana, mtoi anazaliwa tayari kushikamana na mtu, vile kifaranga wa bata anafuata mamake. Mary hakuwa anaamini hiyo stori ya vifaranga.

Akaketi sebuleni kwa watu, akaangalia. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anaenda kuchungulia mgeni, anageuka kuhakikisha mama bado yuko, anaendelea. Akishtuka anarudi mbio, anashika nguo ya mama, anatulia, halafu anaenda tena. Mama akitoka, mtoto anamfuata. Hakukuwa na chakula hapo. Mtoto alikuwa anamtumia mama kama base. Wewe unajua base ni nini: pahali mnakutana na maboyz, ukitoka mtaani umechoka unarudi hapo. Basi mtoto wa miezi tisa tayari ako na base yake, na hiyo base ni mtu.

Mwishoni aliwagawa wale watoto 28. Aliona 16 wameshikamana na mama zao kwa usalama. Saba walikuwa wameshikamana lakini hawana amani, wanalia sana hata mama akiwa hapo. Watano hakuona kama wameshikamana bado.

Akajiuliza tofauti inatoka wapi. Kitu kimoja kilimgusa. Wale akina mama waliojua kumwelezea mtoto wao kwa undani, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, watoto wao ndio walikuwa na amani zaidi. Huyo ni mama anayesoma mtoto wake. Mary baadaye alijenga kazi yake nzima juu ya hilo: kushika ishara ya mtoi, kuielewa, na kuijibu kwa wakati.

Dakika 20 za chumba

Uganda iliisha mwaka wa 1955. Leonard akapata kazi Baltimore, Marekani, na Mary akafuata tena. Aliingia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mahali ambapo maprofesa wa kike hawakuruhusiwa kula kwa chumba kimoja na wa kiume. Mwaka wa 1960 ndoa ikavunjika. Hakuwa na mtoto, ingawa alitaka. Manze, fikiria hapo: unasomea mapenzi ya mama na mtoto maisha yako yote, halafu unarudi kwa nyumba tupu.

Hakukata tamaa. Mwaka wa 1963 alianza utafiti mwingine na familia 26 za Baltimore. Yeye na wasaidizi wake walikaa na kila familia kama saa 72 kwa mwaka wa kwanza wa mtoto. Lakini kulikuwa na ngori. Watoi wa Marekani walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka, kwa hivyo nyumbani hawakuonyesha ile tabia ya base waziwazi kama wale wa Uganda. Ndio akatunga kitu cha kuwashtua kidogo.

Ni chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mama na mtoto wa karibu mwaka mmoja wanaingia. Mtu wasiyemjua anaingia. Mama anatoka. Mama anarudi. Anatoka tena, mtoto anabaki peke yake. Mgeni anarudi, kisha mama anarudi. Ni hatua nane, kama dakika 20 kwa jumla. Mtoi akilia sana, wanakatisha mapema. Kipimo hicho kiliitwa Hali Ngeni, na alikitoa hadharani mwaka wa 1969 pamoja na Barbara Wittig.

Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio wakati mama anatoka. Hapana. Kinachopimwa zaidi ni vile mtoto anafanya mama akirudi. Je, anamwendea? Anamshika? Anamkwepa? Anamsukuma? Kila moja inapewa alama kutoka 1 mpaka 7. Wengi wao, kama theluthi mbili kwa wale wa Marekani, walimkimbilia mama, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine walimpita kana kwamba hawajamwona. Wengine walitaka kubebwa, na wakibebwa wanapiga teke.

Wale wa kupita ndio walidanganya watu. Wanaonekana wametulia, wako poa. Baadaye watafiti walipima mapigo ya moyo wakapata moyo unaenda mbio ndani. Mtoto alikuwa amejifunza kuficha. Labda unamjua msee wa hivyo. Labda ni wewe.

Watu wakaanza kuuliza

Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka wa 1967, na kile kikubwa cha Hali Ngeni, alichoandika na wanafunzi wake, kilitoka mwaka wa 1978. Vikavuma, na maswali nayo yakaja.

La kwanza lilitoka kwa akina mama. Kama kila kitu ni mama, basi mama akienda kazi ni kosa lake? Watu wengi walitumia kazi ya Bowlby na Mary kuwapiga wanawake. Ukirudi kwa kitabu cha Uganda lakini, utapata akina mama wenye shamba, wenye kazi, na watoto wao wako sawa.

La pili lilitoka hapa Kenya. Mtoto wa Kiafrika hashikwi na mtu mmoja. Ako na dada mkubwa, shangazi, nyanya, jirani. Mwaka wa 1986 watafiti walitoa matokeo ya kupima watoto wa Kisii, na walilazimika kubadilisha kipimo chenyewe. Badala ya chumba kigeni walifanyia nje ya nyumba, mahali mtoto amezoea. Na kwa sababu Mkisii akirudi anasalimia mtoto kwa mkono badala ya kumkumbatia, waliangalia kama mtoto ananyoosha mkono. Wakapata zaidi ya nusu wako salama kwa mama, na zaidi ya nusu wako salama kwa yule mwingine anayewalea pia. Kumbe base inaweza kuwa zaidi ya moja.

La tatu ni hili la simu yako. Mtihani wa Mary ulipima mtoto na mtu mmoja, siku moja, akiwa na mwaka mmoja. Ulipima uhusiano. Haukuwa chapa ya kupigwa mtu kama ng'ombe wa Kiboko. Huko Minnesota watafiti walifuata watoto tangu miaka ya 1970 mpaka wakawa watu wazima. Walipata mwanzo wako una uzito, ni kweli. Lakini maisha ya baadaye pia yana uzito, na mtu anaweza kubadilika akipata watu wa kumshika vizuri.

Vile alimaliza

Katikati ya miaka ya 1970 Mary alihamia Chuo Kikuu cha Virginia. Alistaafu mwaka wa 1984 lakini aliendelea na kazi hadi mwaka wa 1992. Wanafunzi wake, kama Mary Main na Everett Waters, walisambaa na kuendeleza pale alipoachia. Mwaka wa 1998 alipewa nishani ya dhahabu ya wanasaikolojia wa Marekani. Tarehe 21 Machi 1999 aliaga dunia huko Charlottesville baada ya kupigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 85.

Msichana aliyekosa joto la mamake alitumia maisha yake kutafuta hilo joto linatengenezwa vipi, na akaanza kuliona kwa akina mama wa Uganda ambao wasomaji wengi wa vitabu vyake hawatawahi kujua majina yao.

Sasa rudi Makindu

Basi ukipewa jibu na simu kwamba umeharibika, usikimbilie kumpigia mathe umlaumu. Jiulize maswali ambayo Mary angeuliza. Nani alikuwa anajua kilio chako cha njaa na kilio chako cha usingizi? Ukianguka ulikuwa unakimbilia nani? Mathe akirudi Disemba ulimkimbilia, ama ulijificha nyuma ya leso ya susu ukamwangalia kama mgeni?

Kama ulijificha, hiyo haimaanishi hukumpenda. Ulikuwa na miaka mitatu na ulikuwa umelinda roho yako kwa njia pekee uliyoijua. Na mathe alivyosimama pale steji saa kumi alfajiri, alikuwa anakutafutia karo.

Na kama susu ndiye alikuwa base yako, basi ulikuwa na base. Hilo si jambo dogo. Na kama leo wewe ndiye uko Nai na mtoi wako yuko Makindu, bado unaweza kufanya kitu. Piga simu kila siku saa ile ile. Ukisema utaenda Ijumaa, enda Ijumaa. Ukifika akajificha, usikasirike, usimvute. Keti chini kwenye mkeka kama Mary alivyoketi Uganda, mwache akuchungulie. Atakuja. Na akija, msome.

Je, base yako ukiwa mdogo ilikuwa nani? Kama bado yuko hai, mpigie leo jioni.